Mistari Kumi ya Kando ya Njia

Mwanangu, kila nikiona kamba yenye mafundo huwa nacheka peke yangu, halafu nanyamaza. Inanirudisha siku moja pale Busale, mvua za kwanza zimeshanyesha, udongo unanukia, nami ni kijana mwenye mke, mtoto mchanga na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Wanasema elimu haina mwisho. Yangu ilikuwa nao. Iliishia darasa la sita, na nadhani mwalimu alishukuru kuliko mimi.

Siku hiyo alikuja bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. Binti mdogo, mgeni katika kata yetu, kaegemeza baiskeli kwenye mgomba, mkononi kamba ya katani yenye mafundo. "Ugonile, kaka," akanisalimia, Kinyakyusa cha kujifunza juzi. Akatueleza, mimi na wakulima wenzangu tuliokusanyika, kwamba mpunga tuukuze kwanza kitaluni, kisha tuupande kwa mistari, kamba ivutwe huku na huku, kila penye fundo mche. Sisi tangu enzi za babu zetu tulikuwa tunamwaga mbegu tu, kama mtu anayewarushia kuku.

Nikataka kuwachekesha wenzangu. "Dada, wewe unaujua mpunga, au unaujua wali?"

Wakaangua kicheko. Yeye hakukasirika. "Wali ndio ninaoujua sana, kaka. Nataka nanyi muule mpaka mvua nyingine zije."

Akaniachia kamba ile, akapanda baiskeli yake. Njia yake ilipita ukingoni mwa shamba langu, na hapo ndipo nilipoona nimezaliwa na akili nyingi. Nikapanda mistari kumi tu, kandokando ya njia, imenyooka kama nywele za msichana aliyesukwa Jumamosi kwa ajili ya kanisa. Shamba lote lililobaki nikamwaga mbegu. Kamba nikafungia mbuzi.

Mke wangu, mama Lusajo, alikuwa amesimama kwenye tuta, mtoto mgongoni. "Baba Lusajo, hicho ulichofanya ni nini?"

"Ni akili."

"Haya. Hiyo akili yako utaipalilia mwenyewe."

Bibi shamba kila alipopita alishuka, akaitazama mistari, akanipungia mkono. "Ndaga fijo, kaka! Asante sana!" Nami nimesimama palepale njiani, mikono kiunoni kama diwani. Ikawa mazoea: nikisikia kengele ya baiskeli natoka mbio katikati ya shamba hadi ukingoni, nafika nahema, nasingizia nilikuwa hapo tangu asubuhi.

Palizi ikafika. Magugu, mwanangu, hayana adabu. Kwenye mistari mama Lusajo alipita na jembe dogo asubuhi moja, akamaliza, akarudi kunyonyesha. Kule nilikomwaga, mpunga mchanga na magugu vilifanana kama mapacha. Ukiinama kung'oa hiki unakanyaga kile. Tulianza, tukachoka, tukaacha, tukaanza tena. Mvua nazo zikakazana. Shamba likaota ndevu.

Nyumbani, mpunga wa mwaka uliotangulia ulikuwa umebaki wa kufunika kitako cha gunia. Tukala ndizi asubuhi, ndizi jioni. Siitukani ndizi, imenikuza. Lakini mama anayenyonyesha hawezi kula ndizi tupu siku nenda rudi. Maziwa yakaanza kupungua, Lusajo akawa analia, na mimi nikawa nachelewa kurudi nyumbani ili nisimsikie. Hilo sijawahi kulitania hadi leo.

Katikati ya hayo bibi shamba akaja na wageni, wakulima kama wanane kutoka Katumba Songwe. Wamekuja kuona shamba la mfano. La mfano, mwanangu! Langu! Nikawawahi njiani, nimetanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Karibuni, karibuni, hapahapa panatosha. Huko ndani tope tupu."

Mzee mmoja kati yao, mvi kichwani, fimbo mkononi, Mzee Ambakisye, akanitazama toka juu hadi chini. "Kijana, mimi nimezaliwa kwenye tope." Akanipita. Akazama ndani ya shamba. Halafu tukasikia sauti yake kutoka kwenye magugu: "Huku analala nani, nguruwe pori?"

Wote wakanigeukia. Bibi shamba akanitazama, kisha akatazama chini. Nikajua sasa ananianika.

"Wazee wangu," akasema, "huyu kaka katupandia mashamba mawili ndani ya moja ili tulinganishe. Tazameni shina la hapa mstarini lina machipukizi mangapi, kisha mwende mkatazame lile la kule."

Wakaenda, wakainama, wakalinganisha. Binti niliyemcheka mbele za watu alikuwa amenifunika nguo mbele za watu. Angenitukana ningepata nafuu.

Wenzake walipotangulia, Mzee Ambakisye akabaki nyuma. Hakunipayukia. Alinyoosha fimbo kuelekea kwenye yale magugu. "Mwanangu, yule binti umemdanganya, sawa. Jioni atakula kwake. Hiki hapa kwako atakila nani?" Mimi, ambaye hata msibani nilikuwa na la kuchekesha, nikainama nikang'oa gugu moja. "Mficha uchi hazai," akasema, akaondoka zake.

Siku ya mavuno, ule mkanda mwembamba wa njiani ulitupa mpunga mwingi kuliko shamba lote la ndani. Mama Lusajo akapika wali wa kwanza, harufu ikajaa uwanja mzima, akaniwekea sahani.

"Kula, baba Lusajo. Ndio uongo wako huo. Bahati yetu ulikuwa umenyooka."

Mpunga huo haukutufikisha mbali. Kabla ya mvua nyingine nilikwenda kwa baba mkwe na kikapu kuomba mpunga. Mtu niliyefika pale mwanzo na ng'ombe wa mahari! Alinijazia, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu kama kwenda bandari ya Itungi kwa magoti.

Msimu uliofuata nilimfungua mbuzi, nikaosha kamba, nikamfuata bibi shamba ofisini kwake. Nikakiri yote.

"Kaka, mbona nilijua," akasema. "Nani mwenye shamba zuri anayekimbilia njiani kila akisikia kengele?"

Nikampeleka hadi katikati. Nikamwonyesha na bondeni, panapotuama maji. Akakuna kichwa: "Hapa kamba yangu haipajui. Wewe unapaonaje?" Nikamwambia miche mifupi itazama pale. Tukakubaliana ya bondeni ikae zaidi kitaluni, irefuke kwanza. Alinifundisha, nami nikamfundisha, na mwaka ule mvua mpya zilitukuta bado tunapika wali.

Siku hizi, mwanangu, wataalamu wa kilimo wanakuja kwa pikipiki, wengine wanakuandikia ushauri kwenye simu. Nami nakuona unavyowapokea pale getini: "Ndiyo bwana shamba, ndiyo bwana shamba," mpaka pikipiki iishie. Ile ndiyo yako naifahamu. Niliipanda mistari kumi. Usimwonyeshe mtaalamu ukingo wa shamba. Mshike mkono, mpeleke katikati, penye magugu, penye wadudu, penye aibu. Akisema usichokielewa, muulize. Akikosea, mwambie, maana maji ya bondeni unayajua wewe. Ukimdanganya, yeye atarudi kwake akale. Sahani tupu itabaki kwako, mbele ya mtoto.

Nenda basi. Mungu akupe mvua yenye adabu, mgongo usiochoka na mke asiyekuchekea ujinga. Akupe na wa kukufunika siku utakapoumbuka, kama alivyonipa mimi. Na kila mvua mpya zitakapogonga bati, zikukute jikoni kwako bado kuna wali.