Dereva Aliyefungwa Dirishani

Mtaani walimwita Bwana Breki, kwa sababu aliendesha malori ya mizigo maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumsikia amegonga hata kuku. Alipostaafu alijua mambo mawili tu, kuendesha na kulala, na la pili alilimudu zaidi. Ungemwambia mtu kwamba bwana huyo angekuja kuketi sakafuni, mkanda kiunoni, akifuma nguo ya kubebea mtoto, angekucheka mpaka mbavu zimuume.

Mfumaji hasa alikuwa mkewe. Mtambo wake ulikuwa ukikunjwa unaingia kwapani: vijiti, ubao mwembamba wa kushindilia uzi, na mkanda mpana wa ngozi. Ncha moja ya nyuzi aliifunga kwenye nondo za dirisha la sebuleni, ya pili kwenye mkanda uliozunguka kiuno chake. Akiegemea nyuma, nyuzi zinakaza. Akiinama mbele, zinalegea. Mwili wake ndio uliokuwa nusu ya mtambo. Mumewe, kila aliporudi safari, alipita chini ya nyuzi hizo kama apitaye chini ya kamba ya kuanikia, akauliza chai iko wapi.

Na mama huyo hakufuma nguo ya hivi hivi. Alifuma nguo mbili kwa mpigo mmoja, nyekundu juu na nyeupe chini. Penye ua, nyeupe inapanda na nyekundu inashuka, ukiigeuza unakuta ua lile lile kwa rangi ya pili. Tabaka hizo mbili hushikana ukingoni mwa maua tu. Kwingine kote ziko mbalimbali, na unaweza kupitisha mkono katikati yake. Wajukuu wake wote walibebwa mgongoni kwa nguo za namna hiyo, na sasa binti yao kitindamimba alikuwa mjamzito kwa mara ya kwanza. Nguo ya mtoto wake ilikuwa imefika nusu, kiharusi kilipobisha hodi.

Kilimnyang'anya mfumaji mkono wa kulia, mguu wa kulia na nguvu za mgongo. Ulimi kikauacha. "Kiliuogopa," alisema mumewe, lakini siku hizo mzaha haukumchekesha mtu. Mkewe alikaa kwenye kiti chake akitazama ukutani. Jambo pekee alilolitamka kuhusu ile nguo lilikuwa neno moja.

"Kata."

Bwana Breki alichukua mkasi, akaenda dirishani, akasimama. Alijua kwamba akikata, nyuzi zitafumuka, na mkewe hatafuma tena wala hatataka lolote tena. Hofu ikamshika, hofu ambayo hakuipata kwenye mteremko wowote. Akaurudisha mkasi mezani, akaketi chini, akajifunga mkanda.

Dereva ni dereva. Kitu cha kwanza alichofanya ni kujitupa nyuma kana kwamba lori limekatika breki. Nondo zikalia.

"Unataka kung'oa dirisha?" sauti ikatoka kitini. "Legeza! Unainama mbele, unanyanyua nyuzi, ndipo unaegemea. Kwani umefungwa kamba kama mbuzi?"

Alikuwa hajasemwa hivyo tangu mkewe arudi kutoka hospitali. Alifurahi kukaripiwa mpaka akasahau kuinama.

Basi masomo yakaanza, ingawa mwalimu hakukiri kwamba anafundisha. Yeye alikuwa tu hawezi kuvumilia kuona kazi ikiharibiwa mbele ya macho yake. "Nyeupe, baba, nyeupe! Hiyo ni nyekundu, au macho yako yamestaafu pia?" Bwana Breki aliokota nyuzi za ua kwa kijiti, moja moja, jasho likimtiririka, akishindilia, akigeuza, akianza upya. Seremala wa jirani alichungulia dirishani akauliza kosa gani limemfanya afungwe. "Nimeoa," akajibiwa, na kazi ikaendelea. Mtu mzima wa umri ule kukubali kuwa mjinga kila siku, mbele ya mkewe na mbele ya majirani, si jambo dogo. Mimi ningekimbia.

Nguo ikasonga. Maua yake yalikuwa yamepinda kidogo, lakini yalikuwa maua. Siku moja akamsogezea mkewe kiti ili aikague. Mama akaingiza mkono wake wa kushoto ubavuni mwa nguo, katikati ya tabaka, akaupitisha polepole. Ukakwama.

"Umezishona," alisema.

Ilikuwa kweli. Chini ya maua mawili ya mwisho, mahali pasipo na ua, Bwana Breki alikuwa ameokota uzi mmoja wa chini akauchanganya na wa juu, na nguo mbili zikawa moja kwa upana wa kidole.

"Lakini nani ataona?"

"Hakuna atakayeona. Mkono wangu umekwama."

Mumewe aliutazama ule mkono. Kisha, bila kunung'unika, akaanza kufumua maua yote mawili, kazi ya siku nyingi, mpaka akalifikia kosa. Mkewe hakumkaripia hata kidogo. Alimtazama tu, na macho yake hayakurudi tena ukutani.

Mwishowe pakabaki nafasi ndogo kati ya nguo na kijiti cha juu, na ubao haukuweza tena kuingia. Hapo hufumwa kwa sindano, uzi kwa uzi. Bwana Breki alijaribu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea usukani, sindano ilipotea ndani yake.

"Siwezi," alisema. "Hapa nimeshindwa kweli."

Mkewe alinyoosha mkono wa kushoto. "Niteremshe."

Alimbeba kutoka kitini, akamkalisha mbele yake, mgongo wa mama ukaegemea kifua cha baba. Mkanda ulibaki kiunoni mwa mume. Mama akashika sindano kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kabla ya kiharusi haukuwahi kushika hata kijiko.

"Vuta," alisema, na Bwana Breki akaegemea nyuma pamoja naye. "Legeza." Wakainama pamoja.

Alikosea, akafumua, akarudia. Kuna wakati mumewe alianza kumsaidia, akapigwa kofi mkononi. "Wewe ni mgongo. Kaa kama mgongo." Mgongo ukatulia.

Uzi wa mwisho ulipopita, mama aliweka sindano chini, akaingiza mkono ubavuni mwa nguo, juu kidogo ya ua la mwisho. Ukapita katikati ya nyekundu na nyeupe, vidole vikatokeza upande wa pili. Akavichezesha pale huku akicheka, na mumewe alikuwa analia nyweleni mwake.

"Mkasi uko wapi?" aliuliza mama. "Sasa kata."