Kinu Kilichobaki Lumuma

Ukitaka kutengeneza viungo vyako nyumbani, kaanga bizari nyembamba, giligilani na pilipili kavu bila mafuta, kisha uvitwange vikiwa bado vya moto. Usihofu kuunguza, pua yako itakuambia vimeiva. Chumvi hutiwa mwisho, maana huvuta unyevu.

Bibi mzaa mama ndiye aliyetufundisha. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kinu chake kilibaki kwenye nyumba ya zamani kule mlimani Lumuma, naye akaacha kula. Mama aliogopa tutampoteza, basi tukapanda kukifuata.

Nyumba ilikuwa tupu, majani yamefika dirishani. Hata hivyo, mama alipiga hodi. Jikoni tukakuta kinu kina viungo vilivyotwangwa. Nilivigusa, vilikuwa vya moto, ilhali mafiga yalikuwa baridi.

Tulishuka nacho, viungo vikiwa ndani. Mama akapika mboga kwa viungo vilevile. Bibi aliinuka kitandani, akaonja, akakunja uso.

"Mwanangu, hujatia chumvi?"

"Nimesahau, mama."

"Hata mimi nilikuwa sijaitia, mlipopiga hodi."

Akavuta bakuli, akala mboga yote.