Mti Ulioinama Kati Yangu na Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja, miaka michache tangu niolewe hapa Nkunga, nimesimama uani na kamba za mgomba mkononi, naufunga mti wangu usiiname. Ndiyo, huu huu mnaokuja kuupiga picha na simu zenu siku hizi.

Marehemu baba yangu alikuwa mtunza bustani kule Igogwe. Nilipoolewa alinipa mche ulioletwa kutoka ng'ambo, akaniasa nisiuache ukauke. Nikaupanda, nikaufunika shina kwa majani ya migomba, ukakua vizuri. Lakini matawi yote yakashuka chini! Majirani wakaanza: mti huo unalia, unaita msiba. Maneno yakamfikia baba mkwe, na mume wangu akaniambia kwamba mzee akisema ung'olewe, utang'olewa. Mwanangu, ule mti ndio kitu pekee nilichotoka nacho kwa baba. Niliumia sana.

Mama mkwe, mwema tu yule mama, akaniambia niunyooshe mapema, samaki mkunje angali mbichi. Nikasimika mianzi, nikafunga tawi kwa tawi. Palipobanwa na kamba majani yakaanza kunyauka, nami nikaendelea kufunga. Ujana nao!

Sasa, kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukimwona kwa mbali unakwepa, na neno lake linakufikia kwa kinywa cha mwingine. Asubuhi hiyo nikasikia kikohozi chake njiani, karibu kabisa. Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikajibanza nyuma ya matawi yaliyobaki bila kufungwa, nikainamisha kichwa. Akasimama upande wa pili. Nikajua leo mti wangu umekwisha.

"Wewe mti," akasema, "mwambie aliyekupanda akufungue. Wanasema unalia. Mvua nayo inashuka chini, mbona hatuiiti msiba?"

Akaenda zake. Nikachukua kisu, nikakata kamba zote siku ile ile, machozi yananitoka na huku nacheka.

Kipupwe kilipoingia, majani yakageuka manjano, yakapukutika, na ua mzima ukanukia kama sukari inayoungua kwenye sufuria. Waliosema msiba wakaja kunusa. Baba mkwe akaleta kigoda chake, akakaa upande wa kule. Mimi nikakaa upande huu namenya ndizi, matawi katikati yetu kama pazia. Ikawa desturi. Alikuwa akisema, "Mti, mwambie ndizi za jana zilikuwa tamu," nami namjibu, "Mti, mwambie baba, ndaga," yaani asante. Mpaka anafariki sikuwahi kumtazama usoni, na katika nyumba ile hakuna aliyenijua kama yeye.

Basi, mwanangu, utapewa mume, mke au mtoto aliyeinama kivyake. Watu watasema, maana midomo yao haina kufuli. Usikimbilie kamba. Samaki mkunje, sawa, lakini kwanza ujue kama ni samaki. Mpe maji, mfunike shina, ungoje kipupwe chake. Subira yavuta heri, nami nimeinusa hiyo heri kwa pua yangu.

Mungu akujalie ardhi isiyokauka, na wakwe wanaokohoa kabla ya kufika.