Breki Ambazo Mjukuu Wangu Hakuzifunga

Vijana wa kanisani hunifuata baada ya ibada. "Bibi, eti tuweke breki za mbio kwenye magari yetu?" Nawajibu: kama unakwenda kukimbizana uwanjani, weka. Kama unakwenda kazini na sokoni, acha zile zilizokuja na gari. Shule niliacha darasa la nne, lakini hilo nalijua, na limemgharimu mjukuu wangu mguu.

Mjukuu wangu ni muuguzi. Hapa Mount Druitt, ugenini, watoto wetu unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Huyu ananijibu Kiswahili, tena cha mafumbo. Nilimlea mimi, mama yake akihangaika na zamu. Pazia, taa, bomba, vyote tulifunga wawili. Akawa fundi kuwashinda wajomba zake.

Akanunua gari la spoti la milango miwili, limeshapita mikono mitatu. Siku za mapumziko alilipeleka uwanja wa mbio, si mbali na kwetu. Huko breki za kawaida zilimwangusha: mizunguko michache tu zinapata moto, pedali inazama kama unakanyaga tope. Akanunua pedi za mbio, vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu. Akanieleza nikimenya viazi.

"Hizi zinapenda moto, Bibi. Zikiwa baridi hazishiki. Kwa hiyo nikienda uwanjani nafunga hizi, nikirudi nafunga zile za zamani."

Nikaitikia ehe, ehe. Akili yangu ilikuwa kwenye viazi.

Ijumaa moja ya Julai, ambayo huku ni baridi kali, alirudi kutoka uwanjani hoi, akalala. Kesho yake asubuhi tulikuwa na maziko ya mwenzetu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mimi nilishavaa, nimeshaingia garini. Sifiki msibani watu wamekwisha kukaa. Nina heshima yangu. Yeye kasimama nje na funguo.

"Bibi, sijafunga breki."

"Nani anafunga breki gari limesimama? Utafunga tukifika kwenye kona!"

Akacheka mpaka akainama. "Wewe Bibi! Nasema zile pedi. Bado ni za mbio. Unajua maana yake lakini?"

"Najua! Unadhani mimi mjinga? Washa gari, maiti haingoji."

Sikujua kitu. Kinywa tu.

Akawasha. Alikwenda polepole, haki ya Mungu, polepole. Lakini barabara ya kwetu inateremka, na chini kuna taa. Taa ilikuwa nyekundu, lori limesimama. Nikaona goti lake limenyooka, mguu wote umekandamiza, na gari linakwenda tu kama halijaambiwa kitu. Akakata usukani ili upande wangu usigonge. Upande wake ukaingia chini ya lori.

Mimi nilitoka na alama ya mkanda kifuani. Yeye walimtoa kwa kukata bati.

Kifundo cha mguu kimeungwa kwa vyuma. Daktari alisema kusimama wodini zamu nzima asahau. Binti yangu alifika hospitalini, hakuuliza maumivu.

"Mshenzi wewe na magari yako! Ungeniulia mama."

Mjukuu wangu akaniangalia, akaangalia ukuta. "Nilisahau kubadilisha, Mama. Nisamehe."

Siku nne nilimpelekea supu, ukweli nikauficha. Siku ya tano binti yangu alianza tena kumtukana, nikaweka bakuli chini.

"Hakusahau. Alitaka kuzibadilisha, mimi nikamkataza. Aliniuliza kama naelewa, nikasema naelewa, sikuelewa."

"Bibi, acha," mjukuu akasema. "Funguo nilikuwa nazo mimi."

"Nyamaza wewe. Ulinitii."

Binti yangu alichukua koti lake, akatoka bila kufunga mlango. Tangu siku ile ananipa shikamoo, anapita. Mjukuu wangu sasa yuko mapokezi, anapokea simu za wagonjwa akiwa amekaa.