Debe la Kanisa

Kijijini kwetu Mute, mpunga ukishavunwa, mama alikuwa akitenga debe la kanisa kabla sisi hatujaonja. Halikuwa jambo la kujadiliwa. Mzee wa kanisa alikwisha kutangaza kwamba asiyetoa fungu la kumi, siku akifa, kwaya haitakwenda kumwimbia. Mama yangu haogopi kufa hata kidogo. Anaogopa kuzikwa kimya kimya, kama mtu asiye na kwao.

Mwaka ule dada yangu mkubwa alitujia na wanawe, wamekimbia vita huko Diaca alikoolewa, miguu imewavimba. Mavuno yalikuwa haba, yakaisha upesi. Likabaki debe la kanisa. Nikalichukua, nikatwanga, nikapika, sikumwuliza mtu. Mama alinitazama nikitwanga, na macho yake yaliniuma kuliko tusi.

Lakini shaka sikuwa nayo, wala leo sina. Hilo fungu la kumi tunalotishwa nalo, Waisraeli waliamriwa kuwapa Walawi wasio na mashamba, na kila mwaka wa tatu wakale pia mgeni, yatima na mjane. Mitume hawakumwekea Mkristo kipimo. Walimtaka atoe kwa moyo, bila kushurutishwa. Jirani yangu Mwislamu naye hutoa sehemu ya kumi ya mavuno yake, na kwake maskini ndio wa kwanza kupewa. Sisi tunaanza na mabati ya paa la kanisa.

Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa akaja nyumbani kuulizia debe. Nilimweleza yote hayo na mengine zaidi, maana mimi nikianza sina breki. Alinisikiliza kama mtu anayengoja mvua ikatike, kisha akamgeukia mama.

"Mama, wewe mwaminifu miaka yote. Usikubali mwanao akuharibie. Debe mtalileta mavuno yajayo, na neno hili litakwisha."

Mama alikuwa akichambua kisamvu. Hakuacha, akamjibu mzee wa kanisa:

"Mwanangu, nataka kuimbiwa, nisikudanganye. Nataka sana. Lakini mavuno yajayo hawa wajukuu zangu watakuwa wangali hapa, na wangali wanakula. Basi msije kuniimbia."

Mzee wa kanisa akaaga, akaenda zake. Nikaketi karibu na mama, nikajivutia majani, tukachambua pamoja. Nilimwonea fahari.

Kanisani bado naenda, na natoa nilichonacho kwa furaha, bila kupima. Tangazo la kwaya halijafutwa. Mama yu mzima, tena ana nguvu kunishinda, ila jioni tukiwa jikoni mimi na dada tunajifunza nyimbo anazozipenda. Sauti zetu mbaya, na dada husahau maneno. Ataimbiwa.