Siku Waamuzi wa Kahawa Walipolala Chini

Dada yangu alipokimbia vita na kuvuka kwenda Tanzania na watoto wake, mimi nilibaki Bujumbura kwa sababu ya kazi. Nilikuwa muonjaji katika kampuni moja ya kuuza kahawa nje, kwenye mtaa wa viwanda. Kazi yenyewe ni ya kimya. Unamwagia kahawa iliyosagwa maji ya moto, unangoja, unapasua povu kwa kijiko, unavuta tone kwa kelele, unatema. Unaweza kushinda unatema kahawa bila kumwambia mtu neno.

Jioni nilirudi Ngagara, kwenye chumba nilichopanga nyuma ya nyumba ya karani mmoja wa serikali. Nilifunga mlango mapema, maana baada ya saa ya amri ya kutotoka nje barabara zilibaki na wanajeshi tu. Nilijipikia kahawa, nikainywa nimesimama, nikalala.

Siku moja mkuu wangu alikuja kwenye meza ya kuonja. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameacha kuja, magunia yamejaa ghalani.

"Watu wakisikia Burundi, wanasikia risasi tu," alisema. "Tumepatana na kampuni zingine, na maduka na hoteli, tufanye mashindano ya kutengeneza kahawa, waalikwe watu wa balozi. Kila nyumba inatoa mutu moja. Sisi tunakutoa we."

"Patron, mi najua kuonja. Sijui kupika mbele ya watu."

"Utajua."

Akanieleza sheria. Wote mnapewa kahawa ya gunia moja. Kila mtu anachagua mwenyewe asage laini au nene, na maji yawe moto kiasi gani. Unatengeneza vikombe vinne kwa waamuzi wanne, na muda unapimwa. Cha nne kikionjeka tofauti na cha kwanza, unapoteza alama. Meza ikichafuka, unapoteza. Sukari na viungo ni marufuku. Kisha kuna jambo lililonitisha kuliko yote: lazima useme. Kabla hawajaonja, uwaambie watakachokikuta mdomoni. Ukisema ndimu wakakuta ndimu, umepata. Ukisema ndimu wakakuta kuni, umejimaliza.

Nilianza mazoezi chumbani, nikiuhutubia ukuta. Jioni moja mke wa karani aligonga.

"Mama, uko na mugeni?"

"Apana. Niko mi peke yangu."

Alisimama kidogo mlangoni, akaangalia ndani, kisha akaenda zake.

Mashindano yalifanyika siku ya Jumamosi mchana, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa. Tulikuwa wachache. Alikuwepo mhudumu wa hoteli hiyo, kijana mwenye mikono myepesi. Alikuwepo pia mzee mfanyabiashara wa Kiarabu, ambaye ukoo wake ulitoka Omani zamani na ambaye alikuwa akikaanga kahawa dukani kwake tangu enzi za baba yake. Alikuja na kofia nyeupe na birika lake la shaba. Alipoambiwa iliki hairuhusiwi, alicheka.

"Haya, nitawapa kahawa bila nguo."

Zamu yangu ilipofika, nilianza na mikono, si maneno. Nilimwaga maji taratibu kwa kuzungusha, nikaona unga unavimba na kupumua vizuri, ndipo nikapata ujasiri. "Mutasikia kwanza ndimu," niliwaambia waamuzi. "Kisha kitu kama chai." Wote wanne walikuwa wananiangalia. Sikumbuki ni lini kabla ya siku ile watu walikuwa wameningoja nimalize sentensi.

Mlio wa kwanza wa bomu ulitoka milimani. Tulishauzoea, hakuna aliyeinuka. Wa pili ulitikisa madirisha. Viti vikaanguka, na ukumbi mzima ukalala chini, waamuzi, wageni na mpima muda na saa yake mkononi.

Mimi niliendelea kumwaga maji kwenye kikombe cha tatu.

Watu walisema baadaye nilikuwa jasiri. Si kweli. Wale waliolala walikuwa na watu wa kuwarudia, na miili yao ilijua hivyo kabla ya akili. Mwili wangu haukukumbuka mtu yeyote. Niligundua hilo nimesimama pale na birika mkononi, na ndilo lililonitia hofu, kuliko mabomu.

Nikahisi pindo la kitenge changu linavutwa. Alikuwa yule mzee, amejilaza karibu na meza yangu.

"Binti, lala chini. Kahawa ya maiti ataonja nani?"

Nililala. Sakafu ilikuwa baridi. Alinishika kiwiko mpaka milio iliponyamaza.

Tulipoinuka, mwamuzi mkuu, mama wa mvi na miwani, alimtazama mpima muda. Yule akatikisa kichwa.

"Muda wako umepita, mama," mwamuzi aliniambia. "Sheria ni sheria. Lakini tutaionja."

Nilimalizia kikombe cha nne, nikawapa. Vile vitatu vilikuwa vimeshapoa. Mwamuzi mkuu alionja cha kwanza, akaonja cha tatu, akarudia cha kwanza.

"Ulisema ndimu. Ndimu siikuti. Lakini hapa kuna asali, na hukuitaja."

"Sikuijua. Mi nainywaga ikiwa moto, haraka."

"Haraka ya nini?"

Nilichukua kitambaa, nikafuta meza. Kahawa hupoa mbele ya wenye maongezi.

Kijana wa hoteli alishinda, kwa haki kabisa. Mimi sikuwekwa kwenye nafasi yoyote. Hata hivyo nilitoka pale nikielewa kwa nini watu wazima wanagombea alama za kikombe. Si kikombe tu. Ni kwamba mtu ameketi, amenyamaza, ameonja ulichofanya kwa mikono yako, kisha akakwambia ukweli.

Mlangoni mzee aliniuliza, "Nani anakungoja?"

"Hakuna."

Hakusema pole. "Ijumaa baada ya swala, mke wangu anamimina kahawa dukani. Njoo uiteme kama utaweza."

Nilikwenda, na Ijumaa nyingine pia. Mkewe alinipa tende na kunitania kwamba muonjaji wa kampuni hajui iliki. Tulibishana mpaka vikombe vikapoa. Kisha mabomu yakaanza kuangukia katikati ya mji, watoto wao walioko Maskati wakawalazimisha wahamie huko, wakaondoka.

Mashindano yaliporudiwa, nilishika nafasi ya pili. Watu walipiga makofi, mkuu wangu akanishika mkono. Nilitoka ukumbini, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu, nikapiga Maskati, namba aliyoniachia mzee. Mkewe ndiye aliyepokea. Laini ilikuwa inakoroma.

"Nimekuwa wa pili!" nilipaza sauti.

"Nani? Nani huyo?"

"Ni mi! Binti wa Bujumbura! Wa kahawa!"

Nikasikia anaita mtu ndani ya nyumba, kisha laini ikakatika. Mwenye kibanda akauliza kama nataka kujaribu tena. Nikajaribu. Haikuita.