Madirisha Yaliyomkimbia Mama Kanda

Hospitalini walimwita Mama Kanda kwa sababu alianza kazi enzi za kaseti. Daktari wa eksirei alisoma picha za wagonjwa huku akijirekodi, naye Mama Kanda, spika masikioni, akaichapa ile sauti iwe ripoti kwenye kompyuta. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi, na meza yake ilitiwa kipande cha kadibodi mguuni isicheze.

Dirisha la ripoti kwenye skrini lilipotoweka mara ya kwanza, alidhani amelifunga mwenyewe. Alikuwa katikati ya sentensi kuhusu mbavu za mzee mmoja, mara ripoti haipo, imebaki skrini tupu ya buluu. Akaifungua upya. Kesho yake ikapotea tena, kisha ikarudi yenyewe, imetulia kama paka aliyetoka matembezini. Alichokifungua hakukiona, na alichokuwa na hakika amekifunga akakikuta wazi.

Mtu mwingine angeitukana kompyuta. Mama Kanda aliingiwa na hofu, kwa sababu ya marehemu mama yake. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza hivyo hivyo, kidogo kidogo, akiwa na umri huu huu. Leo funguo ndani ya debe la unga, kesho jina la mkwe limempotea, hadi siku alipomwuliza binti yake aliyekuwa akimwogesha, “Wewe dada, mama yako anajua uko huku?”

Basi akanyamaza, akaanza kujipima. Akioga, anataja majina ya wajomba wote. Akitembea, anayataja maduka kabla hajayafikia. Jioni moja alisahau sufuria motoni hadi maji yakakauka, na akaisugua kwa mchanga haraka mdogo wake asije akaiona.

“Dada, mbona umekonda kama sindano?” mdogo wake aliuliza. Walikuwa wakiishi pamoja, wawili tu.

“Joto tu.”

Kisha ikaja ile asubuhi. Alikuwa akipitia ripoti kabla daktari hajazitia sahihi, akakuta kwenye faili la kijana aliyegongwa kifuani mpirani maneno haya: uvimbe pafu la kulia, apelekwe haraka. Hayo yalikuwa ya mama mmoja mwenye kikohozi. Akalifungua faili la yule mama. Mapafu safi, hakuna tatizo.

Akilini alimwona yule mama akirudi nyumbani anacheka, ameambiwa hana kitu. Alirekebisha yote mawili, akayasoma tena na tena, kisha akaenda kwa daktari.

“Daktari, nitoe kwenye kazi hii. Kichwa changu si kizima. Nitaua mtu.”

Daktari alimtazama, akamvutia kiti. Alipokwisha kusikiliza hakusema pole wala usijali. Alimwita fundi wa kompyuta.

Fundi alikuwa bonge la mtu, mwenye kuhema ngazini. Chumbani kwa Mama Kanda akasimama nyuma yake. “Mama, chapa kama kawaida. Mimi nifanye kama sipo.”

“Utakosaje kuwepo na unahema hivyo?” Mama Kanda alisema.

Akachapa. Daktari wa kwenye spika akameza neno. Mama Kanda akabonyeza vitufe vya kuirudisha sauti nyuma. Skrini ikaruka, ripoti ikatoweka.

“Umeona?” alinong’ona. “Sema umeona!”

“Nimeona. Rudisha sauti tena.” Ikaruka tena. Fundi akabonyeza vitufe kadhaa, na madirisha yote yaliyopotea yakajipanga mbele yao, madogo madogo, katika mafungu manne.

Alieleza polepole. Madaktari walikuwa wamewekewa programu inayoigawa skrini moja iwe kama meza nne, unaona moja kwa wakati. Ikaingizwa kwenye kompyuta zote, na Mama Kanda hakuambiwa. Vitufe vyake vya kurudisha sauti ndivyo programu ilivyovitumia kuhamia meza nyingine. Mara nyingine kule alikuta dirisha linalofanana na aliloliacha, lakini faili ni la mgonjwa mwingine, naye akaendelea kuchapa. Fundi akaizima programu kwa jaribio, wakafanya kazi saa nzima, hakuna kilichokimbia. Akaiondoa kabisa.

Mama Kanda akalia, kisha akafuta uso kwa kanga. “Na sufuria niliyoiunguza je?”

“Ya jikoni siyawezi, mama.”

Nyumbani alimweleza mdogo wake yote, hata lile la kuyataja maduka njiani. Alitegemea kuchekwa. Mdogo wake aliinamisha kichwa.

“Mimi nawataja wanafunzi niliosoma nao,” alisema. “Darasa zima, kila nikilala. Tangu tumzike mama.”

“Na hukuniambia?”

“Wewe uliniambia?”

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwa daktari wa magonjwa ya kusahau. Aliwapima mmoja mmoja: maneno, picha, hesabu ndogo. Akasema haoni dalili leo, ila hofu na kukosa usingizi hupoteza kumbukumbu pia, warudi mwakani. Ya mwakani hakuyaahidi. Walitoka wameshikana mikono, na Mama Kanda akahisi kiganja cha mdogo wake kimelowa jasho kama chake.